Ukipigwa na weldingi: maswali ya mafundi wa Kibuye

Jumatatu asubuhi huwa sishangai. Kijana wa jua kali anaingia kliniki ya macho ameshikwa mkono na mwenzake, kitambaa usoni, na mfukoni kichupa cha matone kisicho na kibandiko. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Ule mwanga wa weldingi una nini?
Umeme unaporuka kati ya rodi na chuma, hewa ya pale katikati hupata joto la maelfu ya digrii. Atomu zake hupokonywa elektroni, gesi ikawa plazma, kama radi inavyofanya juu ya ziwa. Elektroni zikirudi mahali pake, nguvu hutoka kwa mwanga unaouona na miale ya urujuanimno usiyoiona. Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, huinyonya miale hiyo ikaungua.

Nilichomelea mchana. Mbona maumivu yalinianza usiku wa manane?
Seli zilizoungua hukawia. Saa 6 hadi 12 baadaye hubanduka na kuacha neva wazi. Ndipo unahisi mchanga machoni, machozi yanatiririka, na hata taa ya simu huitaki.

Nitie maziwa ya mama? Kiazi je?
Kiazi ni ubaridi tu. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope kinatosha. Ndani ya jicho usitie maziwa, majani ya chai wala mate. Tafadhali.

Na yale matone ya ganzi ya kemisti?
Hapana. Yanaua maumivu kwa dakika chache tu, halafu unatia tena, na tena. Jicho lililokufa ganzi hulihisi likikwaruzwa. Unalisugua na kurudi kazini. Dawa yenyewe huzuia konea kujiziba. Hapo ndipo kidonda huanza, kikipona kinaacha doa jeupe, na doa likikaa katikati ya jicho huoni tena vizuri.

Hata tone moja, nipate usingizi?
Hata moja. Sisi hutia tone ili tukupime, kisha kichupa kinabaki kwetu. Hakiendi nyumbani.

Lakini jamaa yangu alitumia akapona.
Jicho lake lilijiponya, kama mengi yanavyofanya kwa siku moja hadi tatu. Matone hayakumsaidia, aliponea chupuchupu.

Sasa nifanye nini?
Kaa gizani, meza dawa ya maumivu kama paracetamol, uje tukuone. Usingoje hata kidogo ikiwa ni jicho moja tu linalouma (huenda ni kichuma cha grinda), ikiwa unaona ukungu, au siku mbili zimepita. Na ikiwa tayari umeshatia ganzi, njoo leo na hicho kichupa. Sitakugombeza. Sana.

Miwani ya jua haitoshi?
Haitoshi. Weldingi ya umeme inataka kinga ya uso yenye kioo cha namba 10 au zaidi. Kufumba macho ukigusisha rodi hakusaidii, maana utafumbua ili uone unachochomelea.

Mimi nashika bomba tu, naangalia kando.
Miale inaruka kwenye mabati na kukurudia. Nyinyi wa kushika bomba ndio ninaowaona zaidi kuliko mafundi wenyewe, kwa sababu kinga ni moja na ameivaa fundi.