Risasi kwenye damu: ugonjwa wa fundi unaofanana na upungufu wa kawaida

Kwa wengi wetu risasi ni ile ya bunduki. Lakini neno hili tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa jina la madini: metali laini, nzito, ya kijivu, inayoyeyuka kwenye joto la nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa likipulizwa vizuri linalifikia. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Imo pia kwenye lehemu ya kuzibia rejeta, na kwenye rangi kuukuu ambazo mafundi huzikwangua kwa msasa.

Daktari akisema mtu ana risasi kwenye damu, anazungumzia kiwango kinachohesabiwa kwa mikrogramu (sehemu ya milioni ya gramu) katika kila desilita moja ya damu, yaani mililita 100. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kizuiwe. Kiwango kinachojulikana kuwa salama hakipo.

Nina mdogo wangu anayefanya kazi ya betri huku Kizota. Nimewahi kukaa naye mchana mzima. Anapasha kisu moto, anakata mfuniko wa betri, anachomoa sahani na kuzigonga chini ili unga wa kijivu udondoke. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unauinua ule unga na kuurudisha usoni. Saa nne mama ntilie anapita na chai na chapati, na mdogo wangu anapangusa mikono kwenye suruali na kula. Risasi inaingilia njia hizo mbili: unga na moshi kupitia puani, na mikono kupitia mdomoni.

Alipoanza kuchoka, kupauka viganja na kuhema akipanda ngazi, kila mtu alikuwa na jibu lake. Malaria. Kazi nyingi. Chakula. Malaria haikuonekana, damu ikaonekana imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Miezi ikapita, hali ni ileile, mpaka alipokutana na daktari aliyemuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: unafanya kazi gani?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Upungufu wa damu tunaoufahamu sana hutokana na mwili kukosa madini ya chuma. Huu wa risasi ni tofauti, kwa sababu chuma kinaweza kuwepo na damu isitengenezwe. Wekundu wa damu ni himoglobini, na kila himoglobini ina viduara vidogo ambavyo katikati yake hukaa chembe ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachobeba oksijeni. Viduara hivyo huundwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Risasi huvibana hasa viwili: kimoja cha hatua za mwanzo, ambacho hulegea hata risasi ikiwa kidogo sana, na kile cha mwisho, ambacho kazi yake ni kukipachika chuma mahali pake. Kimeng'enya hicho kikishindwa, zinki huchukua nafasi ya chuma. Chembe nyekundu inatoka kwenye uboho na kuingia kwenye mishipa, lakini imebeba zinki palipostahili kuwa na chuma, na itabaki hivyo maisha yake yote, ambayo kwa kawaida ni kama siku 120. Wataalamu hupima viduara hivyo vyenye zinki ili kujua mtu amekuwa akiingiza risasi miezi ya karibuni.

Tena risasi haiishii kwenye uboho, kiwanda cha damu, maana hata chembe zilizokwisha kutengenezwa huziharibu. Karibu asilimia 99 ya risasi iliyomo kwenye damu imeshikwa na chembe nyekundu zenyewe, na ngozi zake hudhoofika zikapasuka kabla ya wakati. Tone la damu likipakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, baadhi ya chembe huonekana na vidoti vya bluu, mabaki ambayo chembe ilipaswa kuyasafisha ikashindwa.

Kuna kosa moja linaloniumiza. Fundi anapimwa wingi wa damu, anaambiwa uko sawa, anarudi kazini kwa amani. Kwa mtu mzima, damu kupungua waziwazi mara nyingi huonekana risasi ikiwa imekaribia mikrogramu 50 kwa desilita au kupita. Kabla ya hapo figo, shinikizo la damu na mishipa ya fahamu vinaweza kuwa vimeshaguswa. Kipimo cha wingi wa damu hakipimi risasi. Inabidi daktari aagize kipimo chake.

Maziwa, ambayo mafundi wengi wanaamini yanakata sumu, hayaiondoi risasi iliyokwisha kuingia. Ukweli uliomo ni huu: mwenye njaa, na mwenye upungufu wa chuma na kalsiamu, hufyonza risasi nyingi zaidi. Kwa hiyo uji mzito na mlenda kabla ya kazi vina faida kuliko glasi ya maziwa baada ya kazi. Dawa za kuitoa zipo, zinatolewa hospitali kwa waliozidiwa, lakini fundi akirudi kwenye unga uleule anaanza upya.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake. Aliyejiajiri chini ya mwarobaini hana wa kumpeleka, basi ajipeleke, na aitaje kazi yake kabla hajaulizwa.

Mdogo wangu sasa hafungui betri. Anachaji tu na kuuza. Kwenye damu risasi hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja ukiacha kuiingiza, ila iliyojificha kwenye mifupa hukaa miaka mingi na kurudi kidogo kidogo. Ametenga dumu moja la maji na kipande cha sabuni kwa ajili ya mikono tu, hata siku ambazo bomba halitoki. Nguo za kazi anaziacha kibandani. Ana binti wa miaka miwili anayempokea mlangoni kwa kumkumbatia magoti, na mtoto wa umri huo hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza.