Mgeni Amelipa, Lakini Amelipia Nini? Ada za Kuingia na Bima kwa Watalii wa Kigeni

Wiki chache zilizopita nilikuwa nje ya mlango wa wanaowasili, uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume pale Unguja, nikimsubiri mwenzangu wa kazini. Pembeni yangu dereva mmoja alikuwa amewapokea wageni wawili, mke na mume, mabegi bado mkononi. Yule mama akamwonyesha kitu kwenye simu. Ilikuwa karatasi ya dola 44 yenye jina lake na namba ya pasipoti, na alitaka kujua hasa amelipia nini. Dereva hakusita. "Hiyo kodi tu, mama. Ya kuingilia." Wakapanda gari, wakaenda zao Nungwi.

Haikuwa kodi. Ilikuwa bima. Kesho yake mama yule angeteleza kwenye ngazi za hoteli akavunjika kifundo cha mguu, angetoa kadi yake ya benki akalipa hospitali mwenyewe, akarudi kwao akisema Zanzibar kuna gharama nyingi zisizoeleweka. Mkataba uliopaswa kumlipia ungekuwa umelala ndani ya simu ileile.

Mimi kazi yangu ni kutoa elimu ya bima, na nimegundua kwamba wanaohitaji somo hili kuliko watalii ni sisi tunaowapokea: madereva, waongoza watalii, watu wa mapokezi hotelini, hata wewe unayemkaribisha shemeji kutoka Ujerumani. Mgeni hasomi mkataba. Anamuuliza mwenyeji wake.

Basi tuanze na kutenganisha. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, na kwa raia wa Marekani ni dola 100. Ada ya hifadhi ni ruhusa ya kupita geti fulani kwa muda fulani. Zote mbili zinamaliza kazi yake mtu akisharuhusiwa. Bima ni ahadi: mgeni anatoa fedha kidogo leo, na mtoa bima anabeba hasara kubwa kesho, kama itatokea na kama imeandikwa. Kosa la yule dereva lilikuwa kuiweka ahadi kwenye fungu la ruhusa. Ruhusa haidaiwi, ahadi inadaiwa.

Sasa hiyo ya Zanzibar yenyewe. Tangu 1 Oktoba 2024, mgeni wa kigeni asiye mkazi anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ZIC. Mtu mzima analipa dola 44, mtoto wa miaka 3 hadi 17 analipa nusu yake, na wa chini ya miaka 3 halipi. Inadumu hadi siku 92. Inagusa mambo ambayo mtu akiwa mbali na kwao yanamvunja mgongo: matibabu ya dharura, kusafirishwa mgonjwa, kurudishwa mwili nyumbani ikiwa amefariki, kupotea kwa mizigo na pasipoti.

Lawama kubwa tunayoisikia ni moja: "Mimi nina bima yangu ya kwetu, kwa nini ninunue nyingine?" Ni swali la haki, na jibu la mkato ni kwamba bima ya kwao haiondoi wajibu wa kununua hii. Napenda kuwakumbusha wageni wa Ulaya, kwa upole, kwamba Mtanzania anayeomba viza ya Schengen hapewi mpaka aonyeshe bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, hata kama ana bima ya afya nzuri kiasi gani hapa nyumbani. Lakini niseme ukweli wote: ubalozi unamwacha mwombaji achague kampuni, Zanzibar mlango ni mmoja. Kwangu mimi hilo linaongeza deni letu. Ukimnyima mtu uchaguzi, angalau mweleze alichonunua, na akidai asizungushwe.

Mwenye bima mbili naye si kwamba amepoteza moja. Zinaweza kusaidiana. Bima yake ya kwao inaweza kuwa na kiasi ambacho lazima akilipe mwenyewe kabla haijaanza kumlipia, au ikawa ya kumrudishia fedha baada ya miezi, wakati hospitali inataka malipo sasa hivi. Cha kufanya ni kuzitaarifu zote mbili tangu siku ya kwanza. Asichoruhusiwa ni kudai hasara ileile mara mbili kamili. Bima inamrudisha mtu alipokuwa, haimtajirishi.

Jambo la pili ambalo wenyeji wengi hawalijui: bima hii imetengenezwa kwa siku ambazo mgeni yuko Zanzibar. Akimaliza ufuo akapanda ndege kwenda Arusha, asidhani ameibeba kwenye begi. Kwa upande wa Bara, hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilileta pendekezo la bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni, huku raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, wakiachwa nje. Kwa hiyo anayeuza safari ya pande zote mbili asimwambie mteja "bima ipo" halafu akanyamaza. Ipo wapi, na inaishia wapi?

Pa kuishia ndipo penye kilio. Nitoe mfano wa Kilimanjaro kwa sababu huko namba zinaonekana vizuri.

Mgeni wa kigeni anayepanda kwa njia ya Machame kwa siku 7 na kulala usiku 6 analipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 82.60, na kwa siku 7 ni 578.20. Kupiga kambi ni dola 50 kwa usiku, pamoja na VAT 59, na kwa usiku 6 ni 354. Halafu kuna ada ya uokoaji, dola 20 kwa safari nzima, pamoja na VAT 23.60. Jumla ni dola 955.80, kabla hujanunua hata kilo moja ya mchele. Naomba usimame hapo kidogo. Kuna matangazo mtandaoni yanayouza njia hii kwa dola 1,000. Toa moja kwenye nyingine: zinabaki dola 44.20 za kulisha mgeni siku 7, kumlipa muongozaji, mpishi, wapagazi, usafiri na faida ya kampuni. Haiwezekani. Ama siku zimepunguzwa, au wagumu, yaani wapagazi, wanapandishwa mlima kwa ahadi ya bakshishi. Mgeni akijua ada peke yake ni kiasi gani, ataacha kushangilia bei ya kutupa.

Lakini nilikuwa kwenye ada ya uokoaji. Jina hilo linawapotosha wengi, wakiwemo waongozaji wa miaka mingi. Ile si bima. Inachangia kazi ya askari wa hifadhi kumshusha mgonjwa kwa machela, ile yenye gurudumu moja katikati, mpaka pale gari linapofika. Helikopta ni hesabu nyingine, ya maelfu ya dola, na mwenye helikopta anataka kwanza kujua nani atalipa. Hapo ndipo bima binafsi ya mgeni inatafutwa usiku wa manane kwa tochi.

Na mara nyingi inapatikana, ila ina mstari mdogo: "shughuli za mlimani hadi mita 4,500." Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Hata hivyo tatizo halisubiri kileleni. Siku ya tatu ya Machame wapandaji hupitishwa Lava Tower, kwenye mita zipatazo 4,600, wazoee hewa nyepesi kabla ya kushuka kulala kambi ya Barranco. Kwa hiyo yule mwenye kikomo cha mita 4,500, bima yake inakatika kwenye chakula cha mchana cha siku ya tatu, na ugonjwa wa mwinuko hupenda kuanzia humohumo. Mwongozaji anayeuliza swali hili ofisini Moshi kabla gari halijaondoka anamsaidia mteja kuliko atakayemkumbusha kunywa maji. Kinga itajwe kwa mita, ifike 6,000, na helikopta iandikwe kwa jina lake.

Kwenye hifadhi za tambarare hatari si mwinuko, ni kutoelewa jinsi ada inavyohesabiwa. Ngorongoro ni darasa zuri. Mgeni wa kigeni analipa dola 60 kwa saa 24, pamoja na VAT 70.80. Kushuka kreta kuna ada nyingine ambayo haihesabiwi kwa kichwa bali kwa gari: dola 250, pamoja na VAT 295. Watu wawili ndani ya gari moja wanalipa 141.60 na 295, yaani 436.60, sawa na 218.30 kila mmoja. Wakiwa sita kwenye gari lilelile wanalipa 424.80 na 295, jumla 719.80, karibu dola 120 kwa mtu. Mgeni anayelalamika kuwa rafiki yake alilipa nusu ya bei yake huenda hakuibiwa. Rafiki alikuwa na wenzake watano.

Kero nyingine ya Ngorongoro ni kulipishwa mara mbili. Barabara kuu ya kutoka Karatu kwenda Serengeti inapita ndani ya eneo la hifadhi, kuanzia geti la Lodoare. Mgeni anayekwenda Serengeti kulala usiku mbili analipa Ngorongoro wakati wa kwenda, analipa Serengeti kule Naabi, na akirudi kwa njia ileile saa zake 24 zimeshapita, kwa hiyo analipa tena. Ni sheria, siyo ujanja wa dereva. Ila kama haikuandikwa kwenye karatasi ya bei tangu mwanzo, dereva ndiye anayeonekana mwizi. Iandikeni.

Nani ni mgeni? Geti haliangalii rangi wala Kiswahili, linaangalia hati. Mtanzania anayeishi London na kushika pasipoti ya Tanzania anaingia Serengeti kwa shilingi 10,000 na VAT yake, 11,800, kama mimi. Ami yako mwenye pasipoti ya Oman, hata kama alizaliwa Ng'ambo ya hapa mjini Unguja na Kiunguja chake kinakushinda wewe, kwenye geti lile ni mgeni. Nimeona familia zikinuniana pale getini kwa sababu hakuna aliyefikiria jambo hili kabla ya kupanga safari ya pamoja.

Wanaosema Tanzania peke yake inakamua wageni watazame jirani. Maasai Mara, upande wa Kenya, mgeni asiye mkazi analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na dola 100 miezi iliyobaki. Kumwona sokwe wa milimani (gorila) Rwanda ni dola 1,500, na Uganda ni 800. Bei kubwa si kosa. Kosa ni bei isiyoelezwa.

Kuhusu kulipa, neno moja la tahadhari. Zipo tovuti zilizopambwa kwa bendera na nembo zinazouza "viza" na "bima ya Zanzibar" kwa bei ya juu, nyingine hazitoi kitu kabisa. Anwani za serikali yetu zinaishia na .go.tz, na anuani isiyoishia hivyo mgeni aiache. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Yanakwenda kwa kadi au kwa ile namba ya malipo ambayo kila mtu anaiita kontrol namba. Papasi, yaani dalali wa mitaani wa watalii, anayesema atakuwahishia kwa noti mkononi hana anachokuwahishia.

Mwisho ni madai, na hapa naomba watu wa mapokezi hotelini mnisikilize. Mgeni akiugua na hali si ya kufa na kupona, apige kwanza namba ya msaada iliyo kwenye mkataba wake, aelekezwe hospitali. Ikiwa ni dharura, akimbizwe, na simu ipigwe na mwingine njiani. Atunze risiti zote, na ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, siyo bili peke yake. Aliyeanguka na pikipiki ya kukodi ataulizwa leseni na kibali cha kuendesha, na kama alikuwa amekunywa. Bima nyingi za safari hapo ndipo zinapofunga daftari. Mzigo usiofika na ndege, karatasi yake inatolewa na dawati la shirika la ndege palepale uwanjani kabla hajatoka nje. Na kilichoibwa ufukweni kinahitaji RB ya polisi, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Wengi huikumbuka wakiwa wameshafika Hamburg, wakituandikia barua pepe tuwatafutie, nasi hatuwezi, kwa sababu RB ya kituo cha Nungwi hufunguliwa na aliyeibiwa, akiwa amesimama mbele ya kaunta ya kituo hicho.