Kumuuliza kijana kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo

Wazazi wengi hapa Nairobi huamini kwamba ukimtajia kijana neno "kujiua" umempa wazo. Basi wananyamaza. Binti wa kidato cha pili amerudi kutoka shule, kofia ya sweta imemfunika macho, chai inapoa mbele yake hadi inafanya utando, na mama anauliza tu kama ana kazi ya ziada.

Imani hiyo si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumchochei mtu kujidhuru. Mara nyingi humpunguzia wasiwasi na kumfanya ahisi ameeleweka. Wazo, kama lipo, lilikuwepo kabla hujauliza, na alikuwa amelibeba peke yake.

Uliza mkiwa wawili, labda mkichambua sukuma wiki, maana mikono ikiwa kazini maneno hutoka kwa urahisi: "Mama, nimeona hulali, huli. Kuna wakati unawaza kujiua?" Kisha nyamaza, tafadhali. Usimhubirie, usimlinganishe na binamu yake. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, usiku na mchana.

Wengine huogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mweleze daktari kila kitu, hata kama alishawahi kujaribu.