Siku moja ya kupumzika Mbeya: yanayosemwa na ukweli wake

Tulitoka Dar alfajiri, tukakatiza Mikumi, tukapanda Kitonga, na tulipofika Uyole, mlangoni mwa jiji la Mbeya, taa zilikuwa zimeshawaka. Ni zaidi ya kilomita 800. Mpango ulikuwa tulale tu, asubuhi tutelemke Matema, Ziwa Nyasa. Rafiki yetu aliyetupokea nyumbani kwake mtaa wa Forest alimtazama mume wangu machoni, akasema, "Shemeji, kesho hamwendi popote." Tukakaa siku nzima. Tangu turudi nimeisimulia siku ile mara nyingi, na karibu kila ninayemsimulia ana jambo analoliamini kuhusu Mbeya, au kuhusu safari ya milimani, ambalo si kweli. Mengine hayana madhara. Mengine yanaua.

"Kusimama siku nzima katikati ya safari ni kupoteza siku"

Ndivyo mume wangu alivyofikiri usiku ule. Alikuwa na kahawa kwenye chupa, redio, na dirisha la kufungua. Lakini kahawa huchelewesha tu kuusikia usingizi, deni lenyewe linabaki palepale. Dereva aliyechoka sana anaweza kupotewa na fahamu kwa sekunde mbili tatu bila yeye mwenyewe kujua, na gari lililo kwenye mwendo wa 80 kwa saa linakata zaidi ya mita 20 kila sekunde. Dawa ya usingizi ni kulala. Kesho yake alilala mpaka saa nne asubuhi, akanywa chai, akalala tena barazani huku jua likimpiga miguuni. Hakuna siku ya likizo ile iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

"Mbeya ni baridi mwaka mzima"

Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo sweta lazima. Oktoba na Novemba mchana utavaa fulana. Na hata siku ya baridi, jua la huku huchoma kuliko unavyolihisi, kwa sababu hewa ya juu ni nyembamba na huzuia miale kidogo. Mwanangu alibabuka pua akicheza uwanjani na koti mwilini.

"Maharage ya Mbeya ni magumu"

Hili nililisema mimi, tena jikoni kwa watu. Mama wa rafiki yetu alikuwa ameyabandika tangu saa mbili. Saa tano akafunua sufuria, akachota punje moja kwa mwiko, akaibinya kwa kidole gumba. Bado. Nikasema labda ni mbegu ya huku. Akacheka, "Mwanangu, haya haya yakishushwa Kyela yanaiva upesi."

Bibi yule alikuwa sahihi kabisa. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mita 1,700 huchemka kwa takriban nyuzi 94, na ukishafika hapo hata uongeze kuni kiasi gani, maji yatatokota kwa fujo zaidi na kukauka, lakini hayatapata joto zaidi. Ndiyo maana watu wa huku huloweka maharage tangu usiku, na mwenye sufuria la presha hulithamini. Tulikula saa nane. Yalikuwa yameiva vizuri, na nazi tuliyokuja nayo kutoka pwani iliingia humo yote.

"Mkaa ukishashika moto na moshi ukaisha, unaweza kulala nao ndani"

Hapa naomba msomaji atulie. Jioni baridi ilipoingia, jiko la mkaa liliwekwa sebuleni, mlango ukiwa wazi, tukalizunguka tukipiga soga. Wakati wa kulala nilitaka kulipeleka chumbani kwa watoto. Makaa yalikuwa mekundu safi, hayana hata uzi wa moshi. Rafiki yangu akaninyang'anya jiko mkononi, akalitoa uani bila kusema neno. Ndipo akarudi kunieleza.

Moshi siyo kipimo cha hatari. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa vilevile. Gesi hiyo hunasa kwenye damu mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu kubwa kuliko oksijeni yenyewe. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hasikii chochote. Kuna familia ambazo hazikuamka kwa sababu hiyo, katika miji yote yenye baridi ambako watu hupasha vyumba kwa mkaa. Kuweka beseni la maji chumbani hakusaidii, na upenyo mdogo dirishani si wa kuutegemea. Jiko litoke nje, watu waongeze blanketi. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, mtoe kwenye hewa safi kwanza, kisha hospitali.

"Mbeya kwa Wanyakyusa"

Kwao Wanyakyusa ni Rungwe na Kyela. Ardhi lilipo jiji ni ya Wasafwa, na majirani zao ni Wamalila, Wandali, Wanyiha na Wasangu. Rafiki yetu ni Msafwa, na kila mgeni akiingia na "Ugonile!", salamu ya Kinyakyusa, yeye huitikia kwa upole, maana mgeni amejitahidi. Vivyo hivyo mchele tunaouita wa Mbeya: mjini pale hapalimwi mpunga. Unatoka tambarare za Usangu, wilayani Mbarali, na kule chini Kyela, kwenye joto.

"Usipoona Kimondo na Ngozi hujafika"

Kimondo kiko Mbozi, ambayo tangu 2016 ni mkoa wa Songwe. Ziwa Ngozi liko Rungwe, na kulifikia ni kupanda msitu kwa miguu. Vyote vinafaa kuonwa, lakini vinahitaji siku yake. Sisi tuliona soko la Mwanjelwa, na mlima Loleza uliolisimamia jiji ukifunikwa na wingu na kufunuliwa. Tulitosheka.

"Kwenye mteremko toa gia, gari liserereke, uokoe mafuta"

Kutoka Mbeya hadi Ziwa Nyasa unashuka zaidi ya mita 1,200. Usiku ule mume wa rafiki yetu, ambaye ameendesha malori njia hiyo kwa miaka, alilisema hili huku akichora kona mezani kwa kidole chenye chai. Gari lisilo na gia halina kinacholizuia isipokuwa breki. Ukizikanyaga mfululizo zinapata moto, vitambaa vinateleza, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedali inazama hadi chini bila kushika kitu. Na mafuta huokoi. Magari mengi ya sasa, ukiwa ndani ya gia umeachia pedali ya mafuta, hukata yenyewe mafuta yanayoingia kwenye injini. Ukitoa gia, injini lazima inywe mafuta isizimike. Shika gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ilizuie gari, breki uziguse kidogo na kuziachia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama usubiri zipoe. Usizimwagie maji.

Kesho yake tulishuka Tukuyu kwa gia namba mbili na tatu, pembeni ni mashamba ya chai na migomba. Malori mawili yalitupigia honi tuyapishe, tukayapisha.

"Parachichi gumu limechumwa changa"

Asubuhi ya kuondoka, bibi alituwekea kwenye buti maparachichi kumi na mawili kutoka kwa dada yake Rungwe. Magumu kama mawe. Nilidhani ametupa yaliyobaki. Kumbe parachichi haliivi mtini. Hukomaa huko, lakini kulainika huanza likishachumwa, na joto huliharakisha. Akaniambia niyafunge kwenye gazeti, nisiyabinye-binye kila saa. Siku ya tatu Matema, nikiwa na miguu ndani ya maji ya ziwa, la kwanza liliitika kidole. Nikampigia simu.