Mafuta ya taa si dawa ya kupe aliyekuganda
Ujumbe unaozungushwa kila mara katika makundi ya gumzo ya wafugaji wa Arusha, kuanzia Monduli hadi Longido, unasema kwamba kupe akimganda mtu apakwe mafuta ya taa au achomwe kwa njiti ya kiberiti, naye ataachia mwenyewe na kuondoka na ugonjwa wake. Sivyo. Kupe anaweza kukaa muda mrefu bila kuvuta hewa, na kipindi chote hicho huendelea kutema mate, ambayo ndiyo njia ya bakteria kuingia mwilini. Moto nao huishia kuunguza ngozi.

Kinachofaa ni kibano chenye ncha nyembamba: mshike karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipozama, umvute taratibu bila kumminya tumbo, kisha uoshe kwa sabuni.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa kuwa ng'ombe akishaogeshwa joshoni kupe hudondoka. Lakini dawa ya josho ni kiuatilifu kilichopimwa. Wengine humchanganya kupe huyu na papasi, ambaye hujificha katika nyufa za nyumba za udongo, huuma usiku na kutoweka kabla hujaamka, hivyo hakuna hata wa kumpaka.

Mwenye shaka amuulize mhudumu wa zahanati, na ujumbe huo, tafadhali, uishie kwako. Ukipata homa siku chache baadaye, hasa ukiona kidonda chenye gamba jeusi, mweleze daktari kwamba uliumwa na kupe, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, maana homa hiyo hutibiwa kwa antibiotiki.