Unaongeza nguvu, makosa yanazidi: simulesheni ya chaneli yenye mwangwi

Kuna grafu ilininyima usingizi. BPSK ya kawaida tu (mtindo wa kutuma data kwa redio), biti inatumwa kama +1 au -1 na kila moja inaitwa alama, nikaipitisha kwenye chaneli ya njia tatu, yaani signali inafika moja kwa moja na pia kwa miangwi miwili inayochelewa, afu nikawa napandisha nguvu ya signali. Nilitegemea makosa yashuke. Yakashuka kidogo mpaka kama 5 dB hivi (desibeli, kipimo cha nguvu ya signali ukilinganisha na kelele), halafu yakaanza KUPANDA. Nikajua tu jenereta yangu ya kelele imeharibika, kumbe wala.

Chukua kalamu. Njia ya moja kwa moja ina ukubwa 1, mwangwi wa kwanza unachelewa alama moja una 0.6, wa pili unachelewa alama mbili una 0.5. Umetuma +1 lakini alama mbili za nyuma yake zilikuwa -1, kwa hiyo mpokeaji anapata 1 - 0.6 - 0.5, yaani -0.1. Anasoma -1. Kosa, na kelele hatujaitia hata chembe! Mkao huo unatokea mara moja katika kila nne, so ukiondoa kelele yote makosa yanatulia kwenye 0.25 na hayabanduki hapo, maana ukiongeza nguvu mwangwi nao unaongezeka vilevile. Kwenye 10 dB nilikuwa napata kama 0.17 kwa sababu kelele ilikuwa inaisukuma ile -0.1 kurudi upande wa chanya mara mojamoja, yaani kelele ilikuwa inanisaidia, we acha tu.

Dawa ni ekwalaiza, yaani kichujio cha mpokeaji kinachofuta mwangwi, siyo nguvu.

Sasa kwenye fedingi, yaani signali kupanda na kushuka njiani, ndo watu wengi wanachemsha (na mimi nilichemsha). Kila njia unaipa namba changamano ya bahati nasibu ya mgawanyo wa Gauss, ukubwa wake unafuata mgawanyo wa Rayleigh, sawa, ila usichote namba mpya kwa kila alama. Piga hesabu: 900 MHz, gari linaenda mita 30 kwa sekunde, Dopla yake (mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo) ni 90 Hz, kwa hiyo chaneli inabadilika ndani ya milisekunde kadhaa, na kama unatuma alama milioni moja kwa sekunde hizo ni maelfu ya alama zinazopita chaneli ikiwa karibu ileile. Ukichota upya kila alama ni kama gari linaruka nusu ya urefu wa wimbi, sentimita 17 hivi, kila maikrosekunde, kilomita zaidi ya 160 kwa sekunde moja. Gari gani hilo? Chuja zile namba kwanza kwa spektra ya Dopla, ili zibadilike polepole kama chaneli halisi, ndo uzitumie.

Na ucheleweshaji wa kila njia usiukadirie hovyo kwenye sampuli iliyo karibu. Profaili ya ITU Vehicular A (mfano wa kawaida wa chaneli ya gari linalotembea) ina njia kwenye nanosekunde 0, 310, 710, 1090, 1730 na 2510, sasa wewe sampuli zako ziko kila nanosekunde 1000, zile mbili za mwanzo zinaangukia sampuli moja na mwangwi wa 310 unapotea kimyakimya. Mi naweka sampuli kila nanosekunde 10, kompyuta inalia kidogo lakini kila mwangwi unakaa mahali pake.