Maana ya Kukaza kwa Mishipa ya Mapafu Oksijeni Inapopungua

Kukaza kwa mishipa ya mapafu ni tabia ya ateri ndogo za mapafu kujibana pindi hewa iliyomo katika vifuko vya hewa vilivyo jirani nazo inapopungukiwa na oksijeni. Tabia hii hushangaza, kwa kuwa mishipa ya misuli, moyo na ubongo hufanya kinyume chake: oksijeni ikipungua hutanuka ili damu ifike kwa wingi zaidi. Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Uswidi waliieleza mwaka 1946, baada ya kupima shinikizo la damu katika ateri ya mapafu ya paka waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo.

Mkazi wa Nairobi ataielewa haraka akifikiria matatu. Kazi ya damu ipitayo mapafuni ni kuchukua oksijeni, kama matatu ichukuavyo abiria, na hakuna faida ya kuipeleka kwenye steji isiyo na mtu. Mgonjwa wa nimonia ambaye sehemu ya chini ya pafu lake la kulia imejaa majimaji huepushwa na hasara hiyo: mishipa ya sehemu hiyo hujikaza na damu nyingi huelekezwa kwenye vifuko ambavyo bado vina hewa. Damu inayorudi moyoni huwa na oksijeni zaidi kuliko ambavyo ingekuwa.

Amri ya kukaza haitoki kwenye ubongo, maana hata pafu lililotolewa mwilini huendelea kuitikia. Kipimo kimo ndani ya seli za misuli laini zinazoizunguka ateri, hasa katika mitokondria, ambazo ndizo zinazoitumia oksijeni. Namna hasa mitokondria zinavyotoa taarifa bado inawagawa wataalamu, lakini hatua zinazofuata zinajulikana vyema. Kwa kawaida ioni za potasiamu huvuja kutoka ndani ya seli kupitia vijia maalumu na kuiacha seli ikiwa na chaji hasi kwa ndani. Oksijeni ikipungua, baadhi ya vijia hivyo hufungwa, chaji hasi hupungua, na badiliko hilo la umeme hufungua vijia vya kalsiamu vilivyo kwenye utando wa seli. Kalsiamu huingia, hujishika na protini iitwayo kalmodulini, na mwishowe nyuzi za misuli huvutana na kuibana ateri. Yote haya huanza katika muda wa sekunde chache.

Swali ambalo wengi huuliza ni kama mapafu ya watu wa Nairobi yamejikaza wakati wote, kwa kuwa jiji liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Mombasa, ila kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Hata hivyo, mwitikio huu hupata nguvu kubwa pale kanieneo ya oksijeni katika vifuko inaposhuka chini ya takriban milimita 60 za zebaki, na mtu mwenye afya akiwa Nairobi hubaki juu ya kiwango hicho.

Anayeondoka Nairobi na kupanda haraka kuelekea kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, chenye mita 4,985, yumo katika hali nyingine kabisa. Huko vifuko vyote hupungukiwa kwa pamoja, kwa hiyo hakuna steji yenye abiria ya kupelekea matatu. Mishipa hujikaza kote, tena bila usawa, na shinikizo linalopanda huweza kusukuma majimaji hadi ndani ya vifuko. Tiba ya kwanza ni kumteremsha mgonjwa na kumpa oksijeni. Nifedipine, dawa ya shinikizo la damu, nayo husaidia kwa kuziba vile vijia vya kalsiamu. Lakini mgonjwa wa nimonia anaweza kudhurika na dawa iyo hiyo, kwa sababu inalegeza pia mishipa ya ile sehemu iliyojaa majimaji, na damu huanza tena kupita mahali pasipo na oksijeni.